Mtia nia akileta rambirambi ya laki tano msibani, ni ubinadamu au ni rushwa?

#1 MwanaMlimani
Wakuu, habari za muda huu.

Hivi karibuni tulimzika mzee wetu kijijini, mkoa wa Morogoro. Siku ya kuanua tanga, watu wamekaa kwenye majamvi wanasubiri ubwabwa, ikaingia Prado nyeupe. Akashuka jamaa ambaye kata nzima inajua anautaka ubunge 2030. Hajawahi kufika kwetu hata siku moja. Marehemu alimjua kwa picha ya kwenye kalenda tu.

Akasalimia, akakaa chini kama watu wengine, akanong'onezana na mpambe wake. Mara mshereheshaji (ndiyo, siku hizi hata msiba una mshereheshaji) akashika kipaza sauti: "Mheshimiwa mtarajiwa ametushika mkono kwa shilingi laki tano na mchele kilo mia!" Watu wakapiga makofi. Msibani! Kuna mama alitaka kupiga kigelegele, mwenzake akamziba mdomo.

Usiku kikao cha familia kikageuka ugomvi. Baba mdogo anasema zirudishwe, jina la kaka yake limegeuzwa jukwaa. Mama anasema pesa ya msiba hairudishwi, ni mkosi. Mimi nipo katikati. Naomba mnisaidie: kisheria hii ni rambirambi au rushwa? Na kama ni rushwa, ananunua nini saa hizi wakati uchaguzi wenyewe bado uko mbali hivyo?

#2 KibokoYaWajumbe
Pole na msiba, dada. Ila mmepata laki tano mnakuja kuzifungulia uzi? Sisi mtia nia wetu alileta jezi za timu mbili, zote rangi moja, na mgongoni badala ya namba ameweka sura yake. Refa alitaka kutoa kadi ya njano akabaki anauliza "wewe ni Mheshimiwa yupi?"

#3 WakiliWaChiniYaMwembe
MwanaMlimani, pole sana.

Kwa ufupi: hicho unachokieleza zamani kiliitwa takrima, na kilikuwa halali kabisa. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 119, likaongeza kwamba jambo lolote litakalofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila halitahesabiwa kuwa ni rushwa. Uchaguzi wa 2000 na 2005 watu wakala pilau kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2010 Bunge likaleta Sheria ya Gharama za Uchaguzi, likaifuta takrima. Tangu hapo ni marufuku.

#4 KaraniMstaafu
Wakili, kaa chini nikusahihishe. Takrima haikufutwa na Bunge wala haikusubiri 2010. Ilifutwa na Mahakama Kuu, Aprili 2006, majaji watatu. Walioifungulia kesi serikali ni mashirika matatu ya watetezi wa haki na wanasheria: LHRC, LEAT na NOLA. Mahakama ikasema vifungu vile vinambagua mgombea maskini, maana mwenye nazo ndiye mwenye uwezo wa kuwa "mkarimu", na vinamnyima mpiga kura nafasi ya kuchagua kwa uhuru. Vikaonekana vinakwenda kinyume na Katiba.

Nayakumbuka haya kwa sababu nilikuwa bado kazini, na wabunge wengi walioapishwa miezi michache kabla ya hukumu ile walikuwa wameingia kwa pilau hilohilo. Hakuna aliyelirudisha.

#5 WakiliWaChiniYaMwembe
Nimesahihishwa, asante Karani. Lakini hoja yangu haijafa. Neno gumu kwenye kifungu kile lilikuwa "nia njema". Nani anaipima nia? Kilichofutwa ni maandishi, desturi yenyewe ilibaki palepale. Tofauti ni kwamba zamani mtia nia aliuita ukarimu, leo anauita "kuguswa".

#6 Dada_wa_Ilala
Nipo hapa nimekaa.

#7 KipangaWaKinondoni
Mnajadili bahasha ya msibani wakati tembo amesimama sebuleni. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 (Kikwete aliisaini Machi mwaka huo) imeweka mambo mazuri sana kwenye karatasi. Waziri anatangaza kikomo cha matumizi. Mgombea anapaswa kueleza ndani ya siku 7 baada ya uteuzi ana fedha kiasi gani na anatarajia kupata kiasi gani. Mchango wa mtu binafsi ukizidi shilingi milioni moja, utajwe. Wa taasisi ukizidi milioni mbili, utajwe. Baada ya uchaguzi, mgombea ana siku 60 za kupeleka hesabu kwa chama chake, na chama kina siku 180 kupeleka kwa Msajili wa Vyama vya Siasa.

Kwa uchaguzi wa 2010 mgombea urais aliwekewa bilioni 5, mbunge kati ya milioni 30 na 80 kutegemea ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya barabara. Haya, nyosha mkono wewe unayemjua mbunge mmoja aliyevuliwa ubunge kwa kuzidisha kikomo. Mmoja tu. Nasubiri hapa na kahawa yangu.

#8 FundiCherehani
Kipanga, kahawa yako itapoa.

Mimi nina cherehani nne, mtaa siutaji. Mwaka mmoja wa uchaguzi alikuja wakala wa mgombea, akaagiza fulana 600 za kuchapa picha na kanga doti 200. Nikaazima fundi wawili, tukakesha siku tisa. Siku ya kuandika risiti akaniambia, "Andika fulana mia, kanga usiandike kabisa, hiyo ni zawadi ya akina mama." Nikauliza kwa nini. Akacheka, akasema fomu ya Msajili haina nafasi ya kutosha.

Nikaandika mia. Basi nikalipwa za mia! Zile mia tano na kanga zote nikaambiwa nisubiri matokeo. Matokeo yakatoka, akashinda, na namba yake ikawa haipatikani. Nimshitaki kwa risiti gani? Karatasi yenyewe mimi mwenyewe ndiye niliyeandika mia.

Kwa hiyo mkisema hesabu zinakaguliwa, mjue mkaguzi anakagua karatasi yangu ya uongo.

#9 KibokoYaWajumbe
Fundi, wewe ndiye mfadhili mkubwa kuliko wote kwenye uzi huu, na hujatajwa kwenye rejista 😂

#10 WakiliWaChiniYaMwembe
Kiboko anacheka, lakini kisheria yuko sawa. Bidhaa au huduma aliyopewa mgombea bure ni mchango. Fundi alimchangia mgombea fulana 500 bila kupenda.

#11 Mzee1954
Vijana, salaam.

Nawasoma mnahangaika na fomu. Sisi tulikuwa na Azimio la Arusha, Februari 1967. Miiko ya uongozi ilitosha kwenye ukurasa mmoja: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kiongozi alikuwa ni pamoja na mke wake, ili msitafute mwanya. Hapakuhitajika kikomo cha gharama za kampeni kwa sababu mgombea hakuwa na cha kutumia! Wagombea wawili wa chama, mmoja jembe mwingine nyumba, wanazungushwa pamoja kwenye Land Rover moja, wanahutubia mkutano uleule, mnachagua.

Mlipoiua miiko kule Zanzibar 1991 ndipo mlango ulipofunguka. Haya mengine yote ni moshi, moto uliwashwa pale.

#12 Dada_wa_Ilala
Shikamoo mzee.

Kwa heshima zote, hapo kwenye Azimio mnatuchanganyiaga sukari nyingi. Miiko ilikuwepo na nyumba za kupangisha zilikuwepo. Ziliandikwa jina la shemeji. Babu yangu alikuwa mwenye nyumba wa karatasi Magomeni miaka kumi na mbili, kodi inakusanywa, yeye anapewa ya sukari, mwenye nyumba halisi yuko ofisini anahubiri ujamaa. Na kuhusu jembe na nyumba, mnasahau kusema majina mawili yale yalikwisha kuchujwa juu kabla hayajafika kwenye Land Rover. Ushindani wa fedha haukuwepo kwa sababu ushindani wenyewe ulikuwa kwa kipimo.

#13 Mzee1954
Marahaba mjukuu. Shemeji walikuwepo, sikatai. Lakini mwizi aliyejificha kwa shemeji alikuwa na aibu. Wa leo anajitangaza kwa kipaza sauti msibani. Hamuoni tofauti?

#14 KaraniMstaafu
Wote wawili mna lenu. Mimi niongeze kilichokuja baada ya hapo, maana nilizijaza hizo fomu.

Mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13. Kiongozi anatoa tamko la mali na madeni ndani ya siku 30 tangu ashike wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Mali ya mwenza na ya watoto wadogo imo. Tamko linakwenda Sekretarieti ya Maadili. Kila Desemba ofisini ilikuwa vurugu, mabosi wanaulizana kwenye korido "wewe shamba la mke umeliandika?"

Mwananchi anaruhusiwa kuikagua rejista. Lakini soma masharti: uwe umepeleka malalamiko, Kamishna aridhike kwamba yana msingi, ulipe ada, na ukishaona usiende kutangaza. Nikuulize, MwanaMlimani: utalalamikaje juu ya mali ambayo hujaiona, ili uruhusiwe kuiona?

#15 KipangaWaKinondoni
Karani leo umeamka vizuri. Ongezea hili: Kamishna wa Maadili anateuliwa na Rais. Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, anateuliwa na Rais. Msajili wa Vyama anateuliwa na Rais. Na Rais ni mwenyekiti wa chama chake. Simsemi mtu, nasema mpangilio. Refa, mshika kibendera na kamisaa wote wamekuja na basi la timu moja.

#16 ChawaMtiifu
Mmeanza sasa. Kila uzi lazima muishie kwa Mama Samia. Nchi imetulia, miradi inaonekana, ninyi mnahesabu fulana. Hivi mtu akiwa na moyo wa kutoa asitoe kwa sababu siku moja atagombea? Basi tuwakataze matajiri wote kwenda misibani.

#17 KibokoYaWajumbe
Chawa, hapa hakuna posho ya bando, rudi kwenye kundi lenu la WhatsApp.

#18 WakiliWaChiniYaMwembe
Tumheshimu Chawa, hoja yake ya mwisho ni hoja hasa. Sheria ya 2010 ilijaribu kuingia hadi kwenye mchujo wa ndani ya chama, yaani kura za maoni, siyo kampeni peke yake. Ndiyo maana mwaka huohuo TAKUKURU ilikuwa inavizia watia nia kwenye vikao vya usiku. Lakini kuna wakati mchujo unaanza. Anayetoa miaka minne kabla yuko nje ya uwanja, anajifua. Kwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, huyo wa msibani bado si mgombea, ni tajiri mwenye huruma. Ukimtaka, inabidi uende kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na huko uthibitishe ametoa ili apewe nini. Mwathirika wako wa ushawishi ni marehemu.

#19 JiraniWaKisumu
Hamjambo majirani. Nimewasoma tangu mwanzo nikacheka, maana nyinyi angalau mna kikomo cha kukiuka. Sisi hatuna hata hicho.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni mwaka wa 2013. Nzuri ajabu. Kufika 2017, wabunge haohao wakaisogeza mbele hadi baada ya uchaguzi. Agosti 2021 IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikatangaza viwango vya 2022: mgombea urais asitumie zaidi ya takriban shilingi bilioni 4.4, za Kenya hizo, si zenu. Mnajua kilichofuata? Bunge la Taifa likazitupa kanuni nje. Wachezaji wakapiga kura ya kuondoa kadi nyekundu, tukaenda uchaguzini hivyohivyo.

Na tuna Sura ya Sita ya Katiba, Uongozi na Maadili, ambayo tunaikariri kama sala. Hizo rambirambi zenu huku tunaziita harambee. Julai 2024, vijana walipokwisha kuingia barabarani, Rais Ruto akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Wanasiasa wakaanza kutuma "rafiki" abebe bahasha. Rafiki anasoma jina la aliyemtuma mara tatu.

#20 Dada_wa_Ilala
Karibu jirani. Hiyo ya "rafiki" tumeiandika, tutaitumia.

#21 Mpemba_Asili
Asalaam alaykum.

Mie nasema mnaanza na mtoaji, anzeni na mpokeaji. Kwetu ukiwa mtu wa nafasi, ndoa zote za mtaani zako, maiti wote wako, mtoto wa jirani akifaulu ada yako. Mtu hajatangaza kugombea kitu, anapigiwa simu saa kumi na moja alfajiri: "Mheshimiwa, tumekwama." Asipotoa, huyo ana kiburi, hafai. Akitoa, huyo mtoa rushwa. Mwakilishi mmoja wa zamani, ni jamaa yangu, mshahara wake ulikuwa unakwisha tarehe tano. Kamaliza muhula kauza gari. Hakuiba, katolewa!

Na akishajua kipindi cha pili atatolewa vilevile, atazitafuta wapi za kutoa? Hapo ndipo tenda zinapoanza kuwa na harufu. Watu wanalipana vyeo kwa sababu wananchi walishajilipa kwanza.

#22 Mzee1954
Mpemba umesema neno zito. Ila sitaki kumtwika mwenye njaa kosa la mwenye shibe.

#23 FundiCherehani
Mpemba, huyo jamaa yako alitolewa na wananchi. Mimi nilitolewa na mbunge. Nani ananilipia?

#24 KipangaWaKinondoni
Sasa turudi juu, maana Mpemba kanipeleka nilikokuwa naelekea. Bahasha zina chanzo. Agosti 2025 CCM walifanya harambee Mlimani City, lengo bilioni 100, na siku ileile wakatangaza zaidi ya bilioni 80. Halali? Sheria inaruhusu chama kuchangisha. Mimi shida yangu si kuchangisha. Mwenye kampuni inayoishi kwa tenda za serikali anaposimama kuahidi mamilioni mbele ya kamera, hapo amechangia au amelipia? CHADEMA nao mwaka huohuo walikuwa na mchango wao wa Tone Tone, buku mbili, buku tano kwa simu. Na Machi 2020 watu walichanga kulipa faini ya zaidi ya milioni 300 ya viongozi wao, kwa siku chache tu. Mwenye buku tano hawezi kupiga simu kudai tenda ya barabara.

#25 ChawaMtiifu
Na hizo za Tone Tone zilikaguliwa na nani? Au ukaguzi ni wa CCM tu?

#26 KaraniMstaafu
Swali halali, lisipite. Oktoba 2013 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake Zitto Kabwe, alikuja na habari kwamba vyama tisa vilikuwa vimepokea ruzuku ya bilioni 67.7 kwa miaka minne bila hesabu zilizokaguliwa kufika zinakotakiwa. Ruzuku ni kodi yenu. Na kwenye tisa hizo walikuwemo watawala na wapinzani, na Zitto mwenyewe chama chake kilikuwemo. Makelele yaliyofuata! Vyama visivyowahi kukubaliana hata saa ya kuanza kikao vilikubaliana siku ile kwamba Zitto ana lake jambo.

#27 KibokoYaWajumbe
Umoja wa kitaifa ulipatikana.

#28 WakiliWaChiniYaMwembe
Kuna kitu nimekumbuka, mnaosema hakuna mbunge aliyewahi kuguswa. Igunga, uchaguzi mdogo wa Oktoba 2011. Mahakama Kuu Tabora ilitengua ushindi wa CCM mwaka 2012, na sababu mojawapo ilikuwa mahindi ya msaada waliyogawiwa watu. Kipanga, nyosha mkono wako uushushe.

#29 KipangaWaKinondoni
Nimesema kwa kuzidisha KIKOMO, mkuu. Ile ya Igunga haikuhusu kikomo hata kidogo. Na mbona unaacha lililokuwa kubwa kuliko mahindi? Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, Magufuli, alisimama kwenye kampeni akaahidi daraja la Mbutu. Mahakama Kuu ikaona ahadi ya daraja imetumika kama chambo. Halafu 2013 Mahakama ya Rufani ikamrudishia Dk Kafumu ubunge wake. Daraja nalo likajengwa, na wakandarasi wazalendo.

#30 Dada_wa_Ilala
Hapo ndipo ninapochanganyikiwa kabisa. Laki tano ya mfukoni kwako ni rushwa. Daraja la kodi yetu likiahidiwa wiki ya kampeni ni maendeleo. Kilo mia ya mchele aliyonunua mwenyewe inatafutiwa kifungu, mahindi ya serikali yanatafutiwa maelezo. Mimi ningekuwa mtia nia ningesema heri yangu nimetoa changu.

#31 Mpemba_Asili
Na Mfuko wa Jimbo je? Huko bara nasikia mbunge anapeleka bati za mfuko wa serikali, kibao kinaandikwa "Msaada wa Mheshimiwa".

#32 KaraniMstaafu
Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, sheria ya 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati, pesa ni ya serikali. Nimeona kwa macho yangu kibao cha choo cha shule kilichoandikwa hivyo. Nikamuuliza mwalimu mkuu, akanijibu, "Mzee, choo tunacho. Kibao kisikuumize."

#33 Mzee1954
Choo tunacho. Haya.

#34 Dada_wa_Ilala
Karani na Wakili, na yale mashauri ya Baraza la Maadili, 2015, pale Karimjee? Jaji Msumi kakaa mbele, vigogo wa kashfa ya fedha za Escrow wanaitwa mmoja mmoja, tunaangalia kwenye luninga za baa kama mpira. Nilidhani ndiyo mwanzo mpya. Yaliishia wapi?

#35 KaraniMstaafu
Baraza linasikiliza na kupendekeza. Mkono wa kuchukua hatua ni wa aliyemteua kiongozi. Wengine walikwenda na zuio la mahakama, shauri likasimama. Lakini nakubali kitu kimoja: kwa mara ya kwanza mwananchi alimwona mkubwa akiulizwa "hizi uliingiziwa kwa kazi gani?" na anatafuta jibu. Hilo peke yake lilistahili nauli ya daladala. Mimi nilikwenda siku mbili.

#36 MwanaMlimani
Wakuu, nimewasoma wote, asanteni. Samahani nilipotea, mtandao huku unapanda na kushuka kama mlima wenyewe.

Kuna jipya, na limenitoa jasho. Jana tumekaa na mhasibu wa msiba (jirani yetu, mwalimu mstaafu, mkali kama pilipili) kufunga daftari la rambirambi. Tukafika kwenye jina la Mheshimiwa mtarajiwa. Limeandikwa hivi: "Taslimu 100,000. Ahadi 400,000. Mchele mfuko mmoja, kg 50. Ahadi mfuko mmoja."

Yaani laki tano haikuwahi kufika! Ilisomwa kwenye kipaza sauti tu. Sisi tumegombana wiki nzima kurudisha pesa ambayo hatunayo. Baba mdogo, aliyekuwa anataka irudishwe, sasa ndiye anayetaka idaiwe yote, anasema "ametumia makofi yetu kwa mkopo".

Je, ahadi nayo ni rushwa?

#37 KibokoYaWajumbe
😂😂😂 Naomba msinisemeshe. Nimeanguka kwenye kiti.

#38 FundiCherehani
Karibu kwenye chama changu dada. Kadi ya uanachama nitakushonea.

#39 JiraniWaKisumu
Huyo apewe tu ubunge. Ameshajua kazi.

#40 WakiliWaChiniYaMwembe
MwanaMlimani, sheria ya 2007 inamgusa anayetoa na anayeahidi pia. Kwa hiyo kama ni rushwa, basi ilikamilika pale kwenye kipaza sauti, hata senti isipofika. Unaweza kupiga 113 ya TAKUKURU, ni bure.

Lakini sasa njoo kwenye kudai, hapo patamu. Ukienda mahakamani ukasema ni rushwa, Sheria ya Mikataba haitekelezi makubaliano yenye lengo haramu. Ukisema ni zawadi ya nia njema, zawadi iliyoahidiwa bila ninyi kutoa kitu haidaiwi. Kwa njia zote mbili hamlipwi.

#41 KipangaWaKinondoni
Kwa hiyo kalipa laki moja, kapata makofi ya laki tano, uchaguzi haujaanza, hana fomu ya kujaza, na hadaiki. Halafu mnaniambia tatizo ni njaa ya wananchi. Huyu mtu ameisoma sheria kuliko Wakili.

#42 Mpemba_Asili
Kipanga, na mimi nakuuliza: mngepiga makofi kama angesoma laki moja?

#43 ChawaMtiifu
Labda alisahau tu. Binadamu ana mambo mengi.

#44 Dada_wa_Ilala
CCM wenyewe 2025 waliongeza wapiga kura wa kura za maoni ili wajumbe wasinunulike kirahisi, wakawa wengi. Naona huyu kapata dawa ya wingi: ahidi wote.

#45 MwanaMlimani
Baba mdogo hasikii la sheria. Ameshanunua karatasi na bahasha, anataka nimwandikie barua ya kukumbusha ahadi, nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mama amenuna, anasema tutaaibika. Mhasibu anasema daftari halifungwi likiwa na deni. Arobaini ni wiki ijayo na Prado imeshaonekana barabara ya juu mara mbili.

Nimekwama mwanzo wa barua. Baba mdogo anataka niandike "Mheshimiwa Mtarajiwa". Naona kama nampigia tena kipaza sauti. Nimwiteje?

#46 Mzee1954
Andika "Ndugu".